Swali la Mwanafunzi ni Amana

Mwezi uliopita, baada ya ibada ya Jumapili asubuhi, fundi mmoja wa baiskeli na pikipiki wa huku kwetu Mbagala alinisubiri chini ya mwembe ulio kando ya kanisa. Akaniamkia, nikaitikia, tukaulizana hali za nyumbani. Kisha akaniambia kwamba ana shida, wala si shida ya fedha. Binti yake yuko mwaka wa tatu akisomea uhandisi katika chuo kimoja hapa mjini. Mwakani atatakiwa kufanya uchunguzi wake mwenyewe na kuuandika, ndipo apewe shahada. Jambo la kuchunguza analo, ila anaogopa kugonga mlango wa mhadhiri. "Mwalimu," akasema yule fundi, "wewe umefundisha miaka mingi. Mtoto huyu aanzie wapi?"

Nilikawia kumjibu. La kusema nilikuwa nalo, lakini fundi huyo alikuwa mwanafunzi wangu, na katika watu waliomfundisha kuogopa kuuliza, mimi nilikuwa wa kwanza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ualimu si muda mrefu, nikifundisha fizikia kidato cha pili katika shule ambayo sitaitaja. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko madawati, chaki zilihesabiwa, na kitabu kimoja kilisomwa na watoto watano. Siku hiyo somo lilikuwa juu ya kani na mwendo. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Alianza kwa Kiingereza, kama sheria ya shule ilivyotaka. Kikamshinda, akamalizia kwa Kiswahili. Alisema yeye na ndugu yake waliisukuma baiskeli ya baba yao mteremkoni, bila mtu juu yake, kisha wakaiachia. Baiskeli ile ilikwenda mbali bila kuanguka. Hata walipoipiga kikumbo ubavuni iliyumba kidogo, ikajirudi, ikaendelea. Ilianguka tu mwendo ulipopungua. Ndipo akauliza: "Mwalimu, mtu hayupo. Nani anaishika?"

Darasa zima likacheka. Nami jibu sikulijua. Nilipoona sijui, nikaona aibu. Na nilipoona aibu, nikafanya wafanyavyo waoga wenye cheo. Nikasema, "Labda anaishika marehemu babu yako. Keti." Wakacheka zaidi. Tangu siku hiyo wenzake wakamwita Babu Baiskeli, na tangu siku hiyo hakuninyooshea mkono tena mpaka alipomaliza kidato cha nne.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani na Chuo Kikuu cha Delft cha Uholanzi waliandika katika jarida kubwa la sayansi juu ya jambo hilo hilo. Kwa miaka mingi vitabu vilikuwa vimesema kwamba baiskeli inayokwenda yenyewe hushikwa na mzunguko wa magurudumu, au na jinsi gurudumu la mbele linavyogusa ardhi nyuma kidogo ya mhimili wa usukani. Wataalamu hao waliunda baiskeli ndogo ya majaribio, wakaziondoa sababu zote mbili, wakaisukuma. Ikajisimamia yenyewe. Kumbe swali alilolileta mtoto wa kidato cha pili, akiwa ameshafanya na jaribio lake mteremkoni, lilikuwa bado linawatoa jasho maprofesa miaka zaidi ya 20 baadaye. Niliposoma habari hiyo sikulala vizuri.

Basi swali ninalotaka tulitazame pamoja leo ni hili: mwalimu ana wajibu gani mbele ya swali ambalo jibu lake halijui? Nimesema mwalimu, lakini nina maana ya kila mtu aliyetangulia: mhadhiri chuoni, fundi mkuu karakanani, mzazi sebuleni, mzee wa kanisa.

Nchi yetu inayo habari moja inayofaa sana katika jambo hili. Baadhi yenu mmepata kuisikia, lakini nadhani hatujaitafakari ipasavyo.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, wilayani Lushoto. Wanafunzi pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia katika jokofu. Lakini nafasi katika jokofu zilikuwa chache na wanafunzi wengi. Siku moja Mpemba aliona kwamba akingoja maziwa yake yapoe atakosa nafasi. Akayatia yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi alikuta maziwa yake yameganda, na ya mwenzake aliyeyatia bila kuyachemsha kabisa bado ni uji.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu akamwambia kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye Mpemba akasikia kwamba hata wauza aiskrimu wa mjini Tanga huitia ya moto ili igande upesi; lakini neno la muuza aiskrimu halikuwa kitu mbele ya neno la kitabu. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akauliza tena. Safari hii alijibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea, hata katika hesabu, darasa lilimkumbusha kwamba hizo ni hesabu za Mpemba.

Mnaona, ndugu zangu, jinsi walimu tunavyofanana. Mmoja alisema fizikia ya Mpemba, na mimi nikasema babu yako. Wote wawili tulichukua kitu alicholeta mtoto, tukakigeuza kuwa jina la utani.

Kisha akafika mgeni. Dakta Denis Osborne alikuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Alialikwa Mkwawa azungumze na wanafunzi juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Baada ya mazungumzo wanafunzi wakamwuliza maswali kwa muda wa saa moja na zaidi. Mpemba akasimama. Akauliza kwa nini, ukichukua vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji sawasawa, kimoja cha nyuzi 35 za Sentigredi na kingine cha nyuzi 100, ukavitia katika jokofu, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda. Wenzake wakacheka, na wengine wakasema amewaaibisha mbele ya mgeni.

Tutazame kwa makini alichofanya Osborne. Kwanza alimwuliza kijana kama amelifanya jambo hilo mwenyewe, naye akajibu kwamba amelifanya. Kisha mgeni akakiri mbele ya shule nzima kwamba hajui, akaahidi kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Baadaye aliandika wazi kwamba moyoni alidhani kijana amekosea. Lakini aliona ni vibaya kumdhihaki mwanafunzi anayeuliza, kwa kuwa mambo ya kila siku yana siri nyingi kuliko yanavyoonekana. Aliporudi Mlimani akatimiza ahadi. Alimwagiza fundi sanifu wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi! Tunaweza kumcheka fundi huyo, lakini wengi wetu ndivyo tulivyo: tunaamini kwanza, ndipo tunapima.

Walipima mara nyingi, kwa mililita 70 za maji katika vyombo vya kioo. Mwaka 1969 habari ikachapishwa katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Mwandishi wa kwanza ni Mpemba, wa pili ni Osborne. Mpemba alisimulia sehemu yake kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na yale maziwa, jokofu na vicheko. Kisha Osborne akaeleza vipimo. Leo, popote duniani watu wanapozungumza juu ya jambo hilo, hulitaja kwa jina la Mpemba.

Nimejiuliza mara nyingi: mtaalamu yule alimpa nini hasa kijana yule? Fedha hakumpa, wala jibu, maana hakuwa nalo. Nahesabu vitu vinne, na kila mhadhiri anayemlea mwanafunzi wa uhandisi au wa sayansi nyingine yoyote hana budi kuvitoa.

Cha kwanza ni sikio. Mwanafunzi akiulizwa, "Umelifanya mwenyewe?", anafahamu kwamba amechukuliwa kuwa shahidi. Tena ni swali gumu, kwa maana asiyefanya chochote linamwumbua. Kumsikiliza mwanafunzi siyo kumbembeleza.

Cha pili ni maabara. Swali lisilo na chombo cha kulipimia hufa. Mwanafunzi hana ufunguo wa maabara, hana kipimajoto, hana jokofu wala mashine ya kuvunjia tofali la saruji ili ajue nguvu yake. Mwenye ufunguo ni mhadhiri. Anapomfungulia mlango na kumwonyesha namna ya kuandika kila kipimo katika daftari, siku na saa, hata kile kisichompendeza, ndipo mwanafunzi anapoanza kuwa mtafiti.

Cha tatu ni kalamu. Mambo mengi yaliyogunduliwa na mafundi wa Gerezani na Tandika yamekufa pamoja nao kwa sababu hayakuandikwa. Mhadhiri mwema husoma andiko la mwanafunzi, hulirudisha limejaa wino mwekundu, husoma tena, hurudisha tena, mpaka mtu wa mbali asiyemjua mwandishi aweze kulirudia jaribio lile mwenyewe.

Cha nne ni jina, na hapa ndipo penye jaribu kubwa. Osborne alikuwa na shahada na cheo, na maabara ilikuwa mikononi mwake. Angeweza kuandika peke yake, akamshukuru kijana mmoja wa Iringa katika mstari wa mwisho, na hakuna ambaye angemlaumu. Akamtanguliza mwenye swali. Ndiyo sababu nasema kwamba swali la mwanafunzi ni amana. Mtu akikuwekea amana, unaweza kuilinda, unaweza hata kuikuza. Lakini mwenyewe akija, sharti aikute kwa jina lake.

Najua mtasema: Mwalimu, mambo si mepesi hivyo. Ni kweli, na ninyi mliofundisha mnajua zaidi. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 darasani, na muhtasari wa kumaliza kabla ya mtihani wa taifa, akifuata kila swali hafiki mwisho wa kitabu. Tena si kila swali ni dhahabu; mengine huulizwa kwa uvivu, mengine kwa ujeuri. Na yako makosa ambayo mwalimu ana wajibu wa kuyaita makosa, hasa katika uhandisi, maana daraja lililokosewa hesabu halina huruma na mtu.

Nakubali yote hayo. Lakini Osborne hakumwambia Mpemba kwamba yuko sahihi. Alimwambia kwamba jambo lake litapimwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Hata leo wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2012 Shirika la Kifalme la Kemia la Uingereza liliita watu waeleze kisa cha maji hayo, na zaidi ya watu 22,000 wakaleta maelezo. Mwaka 2016 wachunguzi wawili, Burridge na Linden, waliandika kwamba baada ya kupima kwa uangalifu hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hutangulia kuganda. Mwaka 2020 wengine wawili wa Kanada, Kumar na Bechhoefer, wakaonyesha jambo linalofanana na hilo kwa kutumia chembe ndogo mno iliyo ndani ya maji. Mzozo bado upo. Yawezekana siku moja ikaonekana kwamba Mpemba na Osborne walipitiwa na jambo fulani katika vipimo vyao. Hata hivyo wajibu ulitimizwa, kwa kuwa deni letu kwa mwenye swali ni kumpa hukumu ya haki, imwendee vyema au vibaya. Na kusema "Sijui, tutajaribu" hakuchukui hata dakika moja ya kipindi.

Katika Maandiko tunamkumbuka mzee Eli. Mtoto Samweli alimjia usiku, akidhani ameitwa naye. Eli hakuisikia ile sauti. Mara mbili alimrudisha mtoto akalale, kama mimi nilivyomwambia mwanafunzi wangu aketi. Lakini mara ya tatu yule mzee alitambua kwamba sauti aisikiayo mtoto inaweza kuwa ya kweli ingawa yeye kuhani haisikii, akamfundisha namna ya kuiitikia. Mimi nilikomea kwenye mara ya kwanza.

Liko jambo jingine katika habari ya Mpemba ambalo si la kufurahisha sana, nalo yafaa tuliseme. Mpemba hakuwa profesa wa fizikia. Alisoma katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, akaitumikia nchi katika kazi ya wanyamapori. Hiyo ni kazi ya heshima, wala simwonei huruma. Lakini inatufundisha kwamba mtu mmoja mwema hatoshi; pahitajiwa njia mwanafunzi aifuate baada ya mlango wa kwanza kufunguliwa.

Wakati ule njia zilikuwa chache. Chuo Kikuu chetu kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Aliyetaka uhandisi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki hakuwa na budi kwenda Nairobi. Kitivo cha Uhandisi kilianza Dar es Salaam mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani. Sasa tuna vyuo kadhaa, hata taasisi ya masomo ya juu ya sayansi na teknolojia huko Arusha yenye jina la Nelson Mandela. Hapo ndipo alipokuwa akifundisha Dakta Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali, mwaka 2015 alipopata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, mwaka wa kwanza wa tuzo hiyo, pamoja na pauni 25,000, kwa chujio lake la kusafisha maji linalotumia mchanga pamoja na chembe ndogo mno za kunasa uchafu. Tuzo hiyo hutolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, na ina desturi moja ninayoipenda: kabla mshindi hajachaguliwa, wote walioteuliwa hupewa miezi ya mafunzo na walezi wenye uzoefu, hata wale ambao hatimaye hawatashinda. Waliotangulia wameona kwamba ugunduzi bila mlezi hukomea mezani.

Lakini neno hili ulezi lina kivuli chake, na katika gazeti linalosomwa na wazazi haifai tulifiche. Mwenye ufunguo wa maabara na wa alama anaweza kuutumia vibaya. Wako wanaochukua kazi ya mwanafunzi wakaitia jina lao. Wako wanaochagua watoto wa jamaa zao. Na wako, kwa aibu yetu, wanaomtaka msichana alipe kwa mwili wake kile anachostahili kwa akili yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imelitaja jambo hilo kuwa kosa. Kwa hiyo ulezi mwema hufanyika mchana, mlango ukiwa wazi, na yanayosemwa huandikwa. Mlezi anayedai siri siyo mlezi. Wazazi, tuwaambieni binti zetu maneno haya waziwazi kabla hawajaenda, wala tusiwaachie wayajue huko.

Sasa nirudi chini ya mwembe. Nilimwambia yule fundi amlete binti. Alikuja jioni ya Jumatano, akiwa na daftari la kurasa nyingi. Nyumba yao iko kando ya mtaro unaofurika kila masika. Miaka miwili mfululizo binti huyu alisimika fimbo mtaroni, akiwa ameipaka alama za rangi kila sentimeta 10, na kila mvua iliponyesha akaandika saa na kimo cha maji. Aliona kwamba mara nyingi maji huzidi kupanda baada ya mvua kukatika kabisa. Watu hutoka, huanua vyombo, hudhani hatari imepita. Ndipo maji ya mitaa ya juu yanapowafikia. Anataka kujua yanachukua muda gani kufika, na kama watu wa bondeni wangeweza kuonywa mapema. Alichoogopa ni kwamba mhadhiri ataicheka fimbo yenye rangi.

Nililisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa, ingawa mambo ya mikondo ya maji siyajui. Kisha nikamwambia mambo matatu. Usiende kuomba msaada. Nenda na swali na daftari. Usiseme unajua, sema umeona, na umeona mara ngapi. Na ukiulizwa usichokijua, jibu kwamba hujui na kwamba utapima.

Alikwenda. Mhadhiri hakucheka. Alilifungua daftari, akauliza maswali mengi, akasema kwamba fimbo peke yake haitoshi: lazima apime na mvua yenyewe, tena mahali pawili, juu na chini. Akamwagiza atengeneze chombo cha kupimia mvua, aandike jina lake na tarehe katika kila ukurasa, arudi baada ya wiki mbili. Binti alirudi nyumbani akilalamika kwamba amepewa kazi nyingi. Mimi nilifurahi kuliko yeye. Asiyekuthamini hakupi kazi.

Siku hiyo nilikwenda kwa baba yake kibandani. Alikuwa ameinama juu ya gurudumu la baiskeli. Nikamwambia, "Mwanangu, nina deni lako la miaka 40." Nikamkumbusha kilima, baiskeli isiyo na mtu, na jibu nililompa. Nikamweleza kwamba wataalamu wakubwa waliliandikia swali lile mwaka 2011, na kwamba siku ile mimi sikujua jibu, nami nilimdhihaki ili nisionekane sijui. Nikamwomba radhi.

Alisimama, akafuta mikono kwa kitambaa. Hakuonyesha hasira. Akasema taratibu, "Kumbe lilikuwa swali, mwalimu? Mimi nilidhani ulikuwa upuuzi."

Ndugu wasomaji, neno hilo limenikaa moyoni kuliko lawama yoyote. Kwa miaka 40 mtu mwenye akili alidhani kwamba akili yake ni upuuzi, kwa sababu mwalimu wake alimwambia hivyo mara moja, kwa mzaha, katika kipindi cha dakika 40. Mikono yake imetengeneza baiskeli za nusu ya Mbagala. Sijui ingetengeneza nini kama ningesema, "Sijui. Kesho ilete hiyo baiskeli."

Katika mtaa wetu huu wa kanisa wamo wahandisi, mafundi, wauguzi, wahasibu na walimu, walio kazini na tuliostaafu. Wamo pia vijana walio vyuoni ambao wazazi wao hawakupata nafasi ya kufika huko, na hawana mtu wa kuwaambia jinsi mlango wa mhadhiri unavyogongwa. Sipendekezi tuchange fedha. Napendekeza kila mmoja wetu aliyetangulia amtafute kijana mmoja, na baada ya ibada wakae pale mwembeni, hadharani, kwa muda wa nusu saa, naye amwulize neno moja tu: "Umeona nini kinachokushangaza?" Kisha asikilize mpaka mwisho. Akijua jibu, aseme. Asipojua, aseme hivyo pia, na amsindikize kijana kwa anayejua.

Nami mwenyewe nimekwisha kuanza. Jumamosi ijayo mimi na yule fundi tutaipeleka baiskeli moja mteremkoni, bila mtu juu yake. Yeye atasukuma, mimi nitashika saa na daftari. Jina la kwanza katika daftari hilo ni lake.

Mwalimu mstaafu,
Mbagala